Dawa Tatu, Bomba Moja

Mama anayejifungua kwa upasuaji chini ya ganzi ya mgongo huwa macho. Akichomwa dawa ya ganzi, bupivakaini, peke yake, kisu hakisikii, lakini mfuko wa uzazi ukivutwa nje kushonwa anaweza kukunja uso na kutapika. Ngozi imekufa ganzi, tumbo la ndani bado. Kuongeza bupivakaini si dawa: presha inaporomoka zaidi, na ganzi inapanda kifuani kuliko inavyotakiwa.

Hapo ndipo mchanganyiko wa dawa tatu katika bomba moja unapoingia. Bupivakaini nzito ya asilimia 0.5, yenye sukari ili izame katika maji ya uti wa mgongo, huziba mizizi ya neva. Fentanili na mofini, dawa za maumivu za jamii ya afyuni, haziendi huko. Hushika vipokezi vya ndani ya uti wenyewe na kupunguza maumivu yanayopanda ubongoni. Kwa kuwa zinapiga sehemu tofauti, kila moja hutosha kwa kiasi kidogo.

Mbona basi mbili za jamii moja? Fentanili hupenda mafuta, hivyo hupenya uti kwa dakika chache na kwisha baada ya saa chache. Mofini hupenda maji: huchelewa hata saa nzima, kisha hudumu mpaka saa 24. Ya kwanza ni ya chumba cha upasuaji, ya pili ni ya wodini, mama anapojaribu kuketi anyonyeshe.

Kazi ngumu iko kwenye kupima. Bupivakaini mililita 2, sawa na miligramu 10. Fentanili mikrogramu 15, yaani mililita 0.3. Mofini inahitajika mikrogramu 100 tu, na ampuli nyingi zina miligramu 10 katika mililita 1: dozi 100 ndani ya kichupa kimoja! Huzimuliwa kwa mililita 9 za maji ya chumvi, kisha huvutwa mililita 0.1. Nukta ikihama, dozi inazidi mara kumi. Tena iwe mofini isiyo na kihifadhi.

Kuwashwa mwili ni kawaida, kunavumilika. La kuogopwa, ingawa ni nadra kwa dozi hii, ni mofini kupanda na maji ya uti na kupunguza pumzi saa nyingi baadaye, kwa hiyo pumzi na usingizi wa mama hukaguliwa kila saa mbili kwa saa 12. Wodi isiyo na muuguzi wa kufanya hivyo usiku, mimi ningeishia kwenye fentanili.