Rondo alihitaji kusikia, Towns alihitaji kusema

Msimu wa 2006/07 Boston Celtics walishinda mechi 24 kati ya 82. Uliofuata wakashinda 66 na kubeba ubingwa wa NBA. Kati ya misimu hiyo aliingia Kevin Garnett, miaka 31, akitokea Minnesota, pamoja na kocha msaidizi Tom Thibodeau aliyekabidhiwa ulinzi. Garnett akatajwa mlinzi bora wa ligi, na ikasemwa kwamba mkongwe kawafundisha vijana kukaba. Sawa, ila aliwafundisha nini hasa?

Chukua shambulizi moja. Mpinzani ana mpira pembeni, na senta wake anakuja kuweka skrini. Rajon Rondo, gadi wa Celtics wa miaka 21, kamkazia macho mwenye mpira. Skrini inamjia ubavuni na haioni. Garnett anaiona. Anapaza sauti kabla haijafika, na Rondo anahama papo hapo, anaziba njia ya katikati na kumwachia mtu wake njia moja tu, ya kwenye mstari. Huko Garnett anamsubiri, hatua mbili nyuma. Mwenzao wa upande wa pili naye amesogea chini ya kikapu, anatoka kabla ya sekunde tatu anazoruhusiwa kukaa pale kutimia, anarudi tena. Mtego huo wa Thibodeau usingewezekana kabla ya 2001, NBA iliporuhusu ulinzi wa kanda.

Miguu na mikono ya kupora mpira Rondo alikuja nayo mwenyewe. Alichopewa ni wakati: lini ahame, na aelekee wapi. Mwaka 2010 na 2011 alikuwa kwenye kikosi cha kwanza cha walinzi wa ligi.

Februari 2015 Garnett alirudi Minnesota, na msimu uliofuata akaanza mechi pembeni ya Karl-Anthony Towns, senta mgeni kwenye ligi. Hapa somo lilikuwa gumu zaidi. Gadi anaweza kujifunza kwa kutii sauti ya nyuma yake. Senta ndiye sauti yenyewe. Garnett, aliyecheza mechi 38 tu msimu huo, tena dakika chache, alipokwenda benchi, Towns alitakiwa kusoma uwanja mzima na kuwaamrisha wenzake, na kelele za benchi hazifiki kwa wakati. Towns aliendelea kufunga atakavyo, huku ulinzi wake ukilalamikiwa miaka mingi.

Thibodeau naye akawa kocha wa Minnesota 2016. Septemba ya mwaka huohuo, kabla msimu haujaanza, Garnett akastaafu.