Wapimaji wa Mita 7.04

Katika mbio za mita 400, anayekimbia njia ya pili huanzia mita 7.04 mbele ya mwenzake wa njia ya kwanza. Lazima awepo mtu wa kuzipima hizo sentimita nne kwenye nyasi, kwa utepe, kamba na chokaa. Vyuoni Dar es Salaam, kuanzia Mlimani hadi DUCE kule Chang'ombe, Temeke, mtu huyo ni ofisa michezo. (DUCE ni jirani wa Uwanja wa Uhuru na ule wa Mkapa, ila ujirani si ufunguo.)

Kupima ni kazi nyepesi. Nzito ni barua: ya kuomba basi, ya mafuta ya basi, ambayo ni barua nyingine kabisa, ya kumsihi mhadhiri amfikirie mrusha tufe ambaye jaribio lake limegongana na mashindano ya vyuo vikuu ya TUSA. Wakija wa mwaka wa kwanza, ofisa huwapitia akiuliza nani alifika UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Mwanariadha anayetoka Mbagala kwa daladala hufika mazoezini hajala, na ndizi zinanunuliwa kwa pesa ya mfukoni mwa ofisa. Kisha, wanne wakishazoea kupokezana kijiti ndani ya mita 30 zinazoruhusiwa bila kukidondosha, wawili wanahitimu.

Medali ikipatikana, wakubwa hupiga picha na washindi. Ofisa yuko kwenye basi anahesabu jezi, maana ikipungua moja, stoo watamuuliza yeye.