Masika Yasiyo na Vuli: Kiwira na Kalenda ya Pwani katika Bunilizi ya Kiswahili

Ikisiri

Istilahi za majira katika Kiswahili sanifu zilikomaa Pwani, ambako mwaka hupangwa na pepo mbili na misimu miwili ya mvua. Makala haya yanachunguza kinachotokea istilahi hizo zinapobebeshwa hadithi ya mahali penye msimu mmoja wa mvua, Kiwira, wilayani Rungwe, ikiwa kielelezo. Inadaiwa kwamba majira huijenga bunilizi pale yanapoamua kazi, mwendo na usemi wa wahusika, na kwamba uhakiki wa mandhari hauna budi kulipima hilo badala ya kuorodhesha mahali na wakati.

1. Utangulizi

Uhakiki wa nathari ya Kiswahili huitaja mandhari karibu kila mara, lakini huichambua mara chache. Husemwa kwamba riwaya imewekwa kijijini au mjini, zama za ukoloni au baada ya Uhuru, kisha mhakiki akahamia kwenye dhamira na wahusika. Mwezi hautajwi; hautajwi upepo, wala udongo, wala harufu ya moshi. Kwa baadhi ya kazi kimya hicho hakina madhara. Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert imewekwa katika nchi iliyo angani; fumbo lake huendeshwa na hoja za mahakamani na halihitaji kalenda ya mkulima. Mambo ni tofauti Euphrase Kezilahabi anapokianzisha kisa cha Rosa Mistika (1971) kisiwani Ukerewe. Mahali penye jina, ziwa na mashamba huja na tabia ya nchi yake, na mwandishi anayepataja huwa ameingia mkataba na msomaji anayepajua.

2. Kalenda ya Pwani na uzito wake

Mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa majira manne: masika ya mvua kubwa, takribani Machi hadi Mei, kipupwe cha ubaridi kinachofuata, vuli ya mvua ndogo, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na kiangazi cha jua kali. Mpangilio huu ni sahihi kwa Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa.

Hata hivyo, uzito wa maneno hayo hautokani na mvua na joto pekee. Kaskazi ndiyo iliyoyaleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na kusi ndiyo iliyoyarudisha. Mwandishi wa Pwani anapoandika kuwa kaskazi imeanza kuvuma, anataja pia bandari inayojaa, wageni, bei, ndoa na madeni. Neno moja la majira limebeba uchumi mzima. Hapo ndipo penye somo kwa mwandishi wa bara: cha kuigwa ni jinsi majira yalivyofungamana na riziki. Orodha ya majina inaweza kubaki Pwani.

3. Kiwira: msimu mmoja

Kiwira ipo kwenye barabara itokayo Uyole kwenda Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi, chini ya Mlima Rungwe wenye kimo cha takribani mita 2,960. Mto wenye jina hilohilo hupita chini ya Daraja la Mungu, daraja la asili la mwamba wa volkano, kisha huteremka hadi Ziwa Nyasa, lililo chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Tukuyu, mji jirani, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Mei, kilele chake kikiwa Aprili. Na hata miezi inayoitwa mikavu haikosi manyunyu.

Hapa hakuna vuli inayokoma ili masika yaanze. Hadithi ya Kiwira inayosema kwamba vuli ilipita, jua likawaka miezi miwili, ndipo masika yakaingia, imepachika mwaka wa Bagamoyo juu ya udongo wa Rungwe. Inaweza kujibiwa kwamba bara neno masika limekwisha kupanuka na kumaanisha msimu wowote wa mvua, na kiangazi msimu wowote wa ukavu. Jibu hilo ni sahihi, na upanuzi huo ni ushahidi wa uhai wa lugha. Lakini maana ya msingi ikipanuka, hisia zinazoambatana na neno hazifuati zenyewe.

Kipupwe ndicho mfano ulio wazi zaidi. Pwani, kipupwe ni nafuu: jasho limekauka, usiku unalalika, upepo ni mwanana. Kiwira, miezi ya Juni na Julai ni baridi ya kujikunyata, moto jikoni na watoto wenye mafua. Mwandishi anayelitumia neno hilo kuashiria raha ya wapendanao atakuwa ameiazima raha ya watu wengine. Ukungu nao huenda kinyume. Katika hadithi nyingi ukungu ni ishara iliyokwisha kuzoeleka ya fumbo au hatari. Kwa anayeishi chini ya Mlima Rungwe, ukungu ni asubuhi ya kawaida. Siku ya kustaajabiwa ni ile ambayo mlima umeonekana wote.

4. Hisi zinazofanya kazi

Mwaka 1856 John Ruskin alikosoa tabia ya kuivika asili huzuni na furaha za binadamu. Onyo hilo lingali na maana kwa nathari ambamo mvua hunyesha kwa sababu mhusika analia. Sentensi ya mfano kama "mvua ilinyesha kana kwamba mbingu zinamlilia Mama" ingefaa popote duniani, na kwa hiyo haina kwao.

Mvua ya Kiwira ina kazi nyingine. Ikishuka juu ya paa la bati, hufuta mazungumzo. Wahusika walazimike kupaza sauti au kunyamaza; siri isisemeke, au isemwe palepale kwa kuwa chumba cha pili hakisikii. Hapo sauti ya mvua imekuwa kanuni ya dayalojia. Vivyo hivyo, ukungu unapoyanyima macho kazi, masikio na pua hushika zamu: mto husikika kabla ya kuonekana, na nyumba hujulikana kwa moshi wa kuni mbichi. Matope yakilizuia lori la viazi, mzigo huoza, bei huanguka, na ada ya shule hukosekana. Mwandishi hahitaji kutangaza kuwa maisha ni magumu. Aprili imekwisha kusema.

5. Hitimisho

Kutokana na mjadala huu, uhakiki unaweza kuitumia njia rahisi ya upimaji: hali ya hewa iondolewe katika kisa, kisha itazamwe ni nini kimeanguka. Pasipoanguka kitu, yaelekea ilikuwa pambo. Kipimo hiki kina mipaka yake, kwani maelezo ya mvua huweza pia kuugawa muda au kumpumzisha msomaji. Lakini kinaihamisha mandhari kutoka kwenye orodha na kuifikisha kwenye msuko.

Suala hili linavuka ufundi wa mwandishi mmoja. Kijana wa Kiwira anayeandika insha kwa majira manne ya kitabuni hujifunza, bila kuambiwa, kwamba mwaka anaouishi si wa Kiswahili. Lugha inayoitwa ya taifa haipotezi kitu ikikubali kuwa masika ya Rungwe ni miezi saba, na kwamba kipupwe chake kinauma. Pwani ilizipa pepo zake majina kwa sababu pepo hizo ziliilisha. Fasihi ya bara inadaiwa uangalifu uleule kwa mvua inayoilisha, na uhakiki unadaiwa kuutambua uangalifu huo unapoonekana.