Kuku wa Mama

Kanga iliyonifunza kutazama picha ilikuwa ya mama yangu. Katikati ya mji wake alisimama kuku na vifaranga vyake. Kuku yule alichorwa vibaya: shingo ya bata, na jicho kubwa mno, kama la mtu aliyeshtuliwa usingizini. Chini yake jina: Kuku mwenye watoto halengwi jiwe.

Mama aliinunua Pangani mjini wiki ile baba alipooa mke wa pili ng'ambo ya mto, Bweni. Ijumaa akajitanda, akanishika mkono, tukapanda pantoni. Wanawake walisoma, wakaziba midomo kwa pembe za kanga zao. Mimi nilidhani wanamcheka kuku.

Miaka mingi baadaye nilikutana na kitabu cha picha za Kijapani zilizochapwa kwa vibao vya mbao. Mwaka 1842 watawala wa huko walipiga marufuku picha za waigizaji na makahaba mashuhuri. Utagawa Kuniyoshi akachora paka wenye sura za waigizaji wale wale. Aliyejua alijua, na mchoraji akiulizwa, hao ni paka tu. Nilicheka peke yangu, maana nilimwona mama.

Hata hivyo, msomaji, wanyama hawa hawafanyi kazi sawa. Paka wa Kuniyoshi wanachekesha hata kitabuni, kwa kuwa mkono uliowachora ni hodari. Kuku wetu akikunjwa dukani hachekeshi mtu. Hata kanga za miaka ya 1950 na 1960, ambazo nyingi zilichapwa Japani hiyo hiyo, zilishuka melini zikiwa bubu. Anayemaliza mchoro ni mvaaji: nani kavaa, siku gani, kapita mbele ya nani. Ndiyo maana sipendi kanga iliyotundikwa ukutani nyuma ya kioo, ingawa nakiri hapo haipauki upesi.

Na ubaya wa mchoro nao una faida. Kuku angekuwa mzuri, watu wangemsifu kuku. Kwa kuwa alikuwa kituko, mama aliweza kusema kwa uso mkavu, baba alipomwuliza pale gatini Bweni amevaa nini: "Baba watoto, mimi nimependa rangi tu."

Baba hakujibu. Aliinamisha macho, na nikaona midomo yake ikihesabu vifaranga. Walikuwa watano, na sisi tulikuwa watano.