Mkono Uwekao Mbegu

Sokoni Kimironko, hapa Kigali, maharagwe hukaa katika magunia yaliyokunjwa midomo: mekundu, ya manjano, meupe, yenye madoa. Mlaji wa mjini hupenda ya rangi moja, yaive pamoja. Mkulima wa vilimani tangu zamani hupanda mchanganyiko, maana aina moja huvumilia mvua nyingi, nyingine hustahimili kivuli cha migomba, nyingine huwahi kukomaa njaa ikiwa bado imekaa mlangoni. Mara nyingi anayeujua mchanganyiko huo ni mama wa nyumba, naye huupanga upya kila msimu, ungo ukiwa mapajani.

Kazi hiyo ya kuweka mbegu ndiyo ninayoisifu. Mavuno yana sherehe yake, Umuganura, Ijumaa ya kwanza ya Agosti, kwa ngoma na hotuba. Aliyeweka mbegu hapigiwi ngoma.

Baada ya kupura na kupepeta, huanza kazi ya kuchagua. Yaliyotobolewa hutupwa, yaliyosinyaa huenda chunguni, na manono yenye ngozi ya kung'aa hutengwa, hata kama watoto wana hamu nayo. Punje huumwa kwa jino: jino likiacha alama, maharagwe hurudi juani. Kisha huja jivu. Jivu hukwaruza ngozi ya fukusi mpaka mwili wake ukauke, tena huziba nafasi kati ya punje, asipate pa kupita kumtafuta mwenzake. Wengine huchanganya majani makavu ya umuravumba. Zamani akiba iliingia kwenye ikigega, tenga kubwa lililosukwa kwa fito, likakandikwa samadi ya ng'ombe, likainuliwa juu ya ardhi na kuezekwa nyasi.

Wanyama nao wanaijua kazi hii. Katika msitu wa Nyungwe, panya buku hubeba mbegu kubwa za mti wa Carapa grandiflora na kuzifukia hapa moja, pale moja. Asizozirudia huweza kuota, na hivyo msitu hupandwa na mnyama aliyekuwa akitafuta chakula chake tu. Kule California yuko kigong'ota anayetoboa shina la mti mashimo mengi, kila tunda la mwaloni shimo lake. Tunda likikauka hunywea na kulegea, naye hulihamishia shimo dogo zaidi. Ndege huyo ananivutia kuliko panya, kwa sababu anarudi kukagua. Mama wa kilimani naye hufungua gunia, hunusa, huanika tena.

Ujuzi huo uliwahi kuheshimiwa rasmi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa kituo cha Rubona, kusini mwa nchi, waliwaita wanawake wakulima wachague wenyewe kati ya aina mpya za maharagwe zilizokuwa bado kwenye majaribio. Walichagua kwa kufikiria udongo wao, migomba yao na vyungu vyao.

Kisha ukaja mwaka 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi na vita. Nje ya nchi ilihofiwa kwamba mbegu za Rwanda zimepotea, na mpango wa kuzirejesha ukaandaliwa. Watafiti waliopita vilimani walikuta aina nyingi za maharagwe bado zipo, zimetoka katika akiba za nyumbani, kwa majirani na masokoni. Sijui sifa kubwa kuliko hiyo kwa kazi inayofanywa kwa ungo na jivu.

Siku hizi ipo mifuko isiyopitisha hewa: fukusi aliyefungiwa ndani humaliza oksijeni akafa, bila dawa yoyote. Naipenda mifuko hiyo, na ningefurahi ifike kila nyumba. Ila maharagwe yasiyokauka vizuri yakifungiwa humo huota ukungu, kwa hiyo bado anahitajika mtu wa kuuma punje kwanza. Naomba wanaojua wawafundishe binti zao, na wavulana pia wakalishwe penye ungo.