Mchongaji Anapoumba Asichokiona

Katika Makumbusho ya Ethnolojia ya Berlin kuna kiti cha enzi kilichotoka Buruku, katika nchi ya Unyanyembe, kwa mtawala mwanamke wa Kinyamwezi. Kilichukuliwa mwishoni mwa karne ya 19, baada ya Wajerumani kumshinda Mtemi Isike wa Unyanyembe mwaka 1893 na kuishika Tabora. Kimo chake kinazidi kidogo mita 1. Kwenye egemeo kuna umbo la mtu: kiwiliwili chembamba, mikono mirefu kupita ya binadamu yeyote, na kichwa kinachochomoza juu ya ubao. Miguu ya kiti, kikalio, egemeo na mtu huyo, vyote vimetoka katika gogo moja.

Jina la fundi halikuhifadhiwa, lakini mpango wake unasomeka. Anayechonga kwa tezo hupunguza tu. Kibanzi kikishaanguka hakirudishwi. Kwa hiyo kabla ya pigo la kwanza alikuwa ameshaligawa gogo lake: hapa kikalio, hapa egemeo, na huku juu unene wa kuachwa kwa ajili ya kichwa. Muda wote alipokuwa akipunguza sehemu nyingine, kichwa kile kilikuwa kimo ndani ya mti, kinalindwa na mkono uliojua mahali pa kusimama. Kosa moja la tezo lingemnyima ama kiti ama mtu.

Sanamu za Kinyamwezi zinazosimama zenyewe, ambazo wataalamu wengi huzihusisha na heshima kwa wahenga, zinafuata hesabu hiyohiyo ya kuacha na kuondoa. Kiwiliwili na viungo hurefushwa, kichwa hufanywa kidogo. Misuli haitiliwi maanani. Uso ni pua, mkato wa mdomo na macho mawili, na katika baadhi ya sanamu macho hayo ni shanga zilizopachikwa kwenye mti. Upachikaji huo wataka utulivu. Tundu likiwa pana, ushanga hudondoka. Likiwa jembamba, mti waweza kupasuka. Jicho moja likipanda juu ya mwenzake, uso mzima huharibika. Fundi amevumilia gogo zima ili afike kwenye matundu mawili madogo, na hapo ndipo sanamu inapoanza kumtazama anayeitazama.

Shanga za kioo nazo zilikuwa na safari yake. Nyingi zilitengenezwa Venice, zikapitia Unguja na Bagamoyo, kisha zikapanda bara vichwani na mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi wenyewe, kila mmoja akibeba mzigo wa kilo 30 hivi. Tabora ndipo njia ilipogawanyika, tawi moja likielekea Ujiji na Ziwa Tanganyika, jingine kaskazini Karagwe na Buganda. Katika njia hiyo shanga zilikuwa fedha, zikinunua chakula na kulipia hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watawala. Mchongaji aliyezitia machoni mwa mhenga alimpa kitu ambacho dunia nzima ya msafara ilikithamini.

Yuko atakayesema kwamba wahenga walikuwa watu, basi wachongwe kwa sura gani nyingine? Lakini watazameni mafundi waliokuwa huru kuumba watakacho. Mwaka 1898, Mwingereza H. G. Wells alichapisha riwaya kuhusu wavamizi kutoka Mirihi. Alikuwa amesomea biolojia, naye alidhamiria kuumba viumbe wasio watu: kichwa kikubwa cha mviringo kisicho na pua, chenye minyiri 16 mahali pa mikono. Hata hivyo aliwaachia macho mawili makubwa na mdomo chini yake. Katika miaka ya 1950, jijini Dar es Salaam, mchongaji wa Kimakonde Samaki Likankoa alifungua mtindo unaoitwa shetani. Wachongaji waliomfuata walipinda viungo, wakahamisha midomo, wakaacha jicho moja pale tulipozoea mawili. Ukiizunguka michongo hiyo polepole, binadamu yumo ndani yake bado.

Elimu ya viumbe haimlazimishi yeyote kati yao kurudi kwenye umbo la mtu. Pweza ana jicho lenye lenzi linalofanana sana na letu, ingawa ukoo wake ulilipata kwa njia yake wenyewe. Lakini mwili wake hauna lolote la umbo letu, naye ni jirani yetu hapahapa duniani. Mwanapaleontolojia Stephen Jay Gould aliandika mwaka 1989 kwamba historia ya uhai ikirudiwa tangu mwanzo, hakuna hakika binadamu angetokea tena. Mwenzake katika fani hiyo, Simon Conway Morris, alimpinga, akisema maumbile huyafikia majibu yaleyale mara kwa mara. Wanaastronomia wameshathibitisha sayari zaidi ya 5,000 nje ya mfumo wa jua letu, na hakuna hata moja iliyotupatia kiumbe wa kuamua mabishano hayo.

Kwa nini basi tunarudia umbo la mtu? Jibu, kwa imani yangu, liko katika kazi ya mchongaji. Wanyamwezi walimjua Mungu Mkuu, wakimwita Likube, au Liwelelo, yaani ulimwengu. Lakini maombi na sadaka za siku kwa siku zilielekezwa zaidi kwa wahenga, na katika mti tunakuta umbo la mtu. Aliyeombwa mvua, afya na watoto alihitaji kuonekana anasikia. Tunampa asiyeonekana macho kwa sababu tunataka atuone, na mdomo kwa sababu tunangoja jibu. Kiumbe wa Mirihi ana macho kwa sababu hiyohiyo: kitisho chake ni kwamba ametuona na ana nia nasi. Ukungu wenye akili, au jiwe linalofikiri, laweza kuwa kweli zaidi kisayansi, lakini msomaji hajui asimame wapi mbele yake.

Kwa hiyo sioni ufukara wa fikra katika kufanana huko. Naona ufundi wa kipimo. Mchongaji wa Unyanyembe aliondoa karibu kila alama inayomtambulisha mtu fulani, akaurefusha mwili hadi ukawa wa mahali pengine, kisha akaacha kiasi kile tu kinachotosha kusema naye. Akiacha zaidi, anabaki na picha ya jirani. Akipunguza zaidi, anabaki na gogo. Vijana wetu wanaochora leo viumbe wa sayari nyingine kwa kompyuta wana shule hii nyumbani. Kabla ya kuongeza pembe na magamba, wajiulize alichojiuliza fundi yule kabla ya kuinua tezo: ni sehemu gani ya binadamu ambayo nikiiondoa, hatabaki wa kuzungumza naye?