Wajumbe wa Kusadikika Darasani: Shaaban Robert na Msomaji wa Ufipa

Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951, kimesomwa kwa miaka mingi katika shule za sekondari za Tanzania, na aghalabu kimesomwa kinyumenyume. Nchi yake inaelea hewani. Karama ameshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria, naye katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Wote walisafiri kwa taabu, wakarudi na maarifa, wakatiwa kifungoni. Hawa ni wasafiri wa hekaya, jamaa za Sindbad, nao waingiapo darasani hupatwa na mkasa ulio karibu sana na huo uliowapata kwao. Kabla mwanafunzi hajafuatana nao hata hatua kumi, huulizwa Buruhani ni mfano wa nini na Auni ni mfano wa nini. Na jibu likiisha kuandikwa daftarini, safari nayo imekwisha.

Kwamba kitabu ni fumbo la utawala, hususan utawala wa kikoloni, hapana haja ya kubishana. Lakini fumbo hufumbuliwa baada ya kusikiwa.

Hebu itazamwe hali ya mwanafunzi wa Izia, mjini Sumbawanga. Kwa mtoto wa Unguja au Mombasa, ridhaa, fadhili na auni ni maneno ya nyumbani, na mjumbe aitwaye hivyo amekwisha kujieleza kabla hajafumbua kinywa. Aliyelelewa katika Kifipa yamkini huyapokea kwanza kama majina ya watu tu. Mwalimu huuona huu kuwa upungufu, akakimbilia kamusi; kumbe ni bahati ambayo msomaji wa pwani hana, maana mtu asiyejua jina limebeba nini hana budi kungoja aone mwenye jina atatenda nini.

Tena msomaji huyu si mgeni wa mambo ya namna hii. Katika masimulizi ya Wafipa yaliyokusanywa na Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya uchunguzi huko katika miaka ya 1960, mtawala wa kwanza, Ntatakwa, alianguka kutoka mbinguni, akawa na makao yake Milansi. Baadaye wakaja wanawake watatu kutoka mbali, mwenyeji akiwa hayupo. Mkewe akawapa kigoda cha utawala, na aliporudi alikuta nchi ina wenyewe wengine, yeye akabaki na Milansi yake na heshima yake. Mtoto aliyeyasikia hayo haoni ajabu nchi kuelea hewani. Ajabu yake itakuwa kwingine: Ufipa wageni wa mbali walipewa kiti, lakini Kusadikika wana wa nchi, waliotumwa na nchi, walirudi wakapewa pingu. Kwa nini? Swali hilo lingefaa kuanzisha somo, nalo halihitaji kamusi.

Lawama zote hazimwangukii mwalimu. Shaaban Robert mwenyewe aliwapa wajumbe wake majina mazito na miguu miepesi: wote sita husema kwa sauti moja, ambayo ni sauti ya Karama, na hotuba mara nyingi huimeza njia. Msomaji huambiwa kwamba taabu ilikuwa kubwa kuliko anavyoonyeshwa taabu yenyewe.

Katika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, mambo ni mengine. Humo majina ni ya aina ile ile, Adili, Hasidi na Mwivu, lakini kisa kimewazidi nguvu. Asili yake ni hadithi ya Alfu Lela Ulela ya liwali wa Basra na ndugu zake wawili waliogeuzwa mbwa. Shaaban Robert akawafanya manyani. Badiliko hilo dogo lina thamani kuliko kurasa nyingi za mawaidha. Mbwa akipigwa usiku huhurumiwa kama mnyama. Nyani akipigwa ana mikono ya kujikinga uso, na Adili anayewachapa, akilia, anaona mikono ya nduguze. Darasa lililoiona mikono hiyo halina haja ya kuulizwa Hasidi maana yake nini.